UZI: Miale ya gama peke yake haitoshi. Kisa cha Geminga, mlipuko wa 1997 na antena ya Malindi

Kilimia (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita kuna mjumbe aliuliza humu jukwaani: kama wana setilaiti inayoona miale ya gama anga zima, kwa nini kila ikiona kitu wanakimbilia kuelekeza palepale darubini za eksirei, za nuru ya kawaida na antena za redio? Si kurudia kazi ileile kwa gharama mara tano? Majibu yalikuwa mafupi, uzi ukafa. Mimi naona lile ni swali zuri sana, na linanigusa kwa sababu sehemu kubwa ya jibu lake imepitia pwani yetu. Naomba mnivumilie, maelezo ni marefu.

Tuanze na shida yenyewe. Gama ndiyo nuru yenye nguvu kuliko zote. Fotoni (chembe ya nuru) moja ya gama inaweza kuwa na nguvu mara mamilioni, hata mabilioni, ya fotoni tunayoiona kwa macho. Nguvu hiyo ndiyo inayoleta tabu: huwezi kuikusanya kwa kioo kama darubini ya kawaida, maana inapenya. Setilaiti ya Fermi, iliyorushwa Juni 2008, inaitegea tabaka za tangsteni. Fotoni ikigonga humo inageuka kuwa elektroni na pozitroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya), na vyombo vinafuata njia za hizo mbili ili kukadiria fotoni ilitoka upande gani. Kukadiria, wakuu. Kwa fotoni za nguvu ya chini, kosa la mwelekeo linafika nyuzi kadhaa, yaani upana wa Mwezi mpevu mara nyingi. Ndani ya eneo hilo kuna maelfu ya nyota na galaksi.

Fikiria uko ghorofani Kariakoo usiku, unasikia king'ora cha zimamoto. Unajua moto upo, na upande unaujua. Ila ni mtaa gani, nyumba gani, na kinachoungua ni duka la vitambaa au jiko la gesi, king'ora hakikuambii.

Hali hiyo haijaisha hata leo. Orodha ya nne ya Fermi, iliyotokana na miaka 8 ya uchunguzi, ilitoka na vyanzo 5,064 vya gama. Kati ya hivyo, 1,336 havikupatiwa mwenzake katika aina nyingine yoyote ya mawimbi. Vilionekana, vikapewa namba, lakini ni nini, hakuna aliyejua. Na vile vinavyojulikana vilijulikana kwa njia gani? Kwa kulinganishwa na redio, eksirei na nuru.

Sasa nije kwenye kisa ninachokipenda kuliko vyote.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza maalumu ya kuchunguza eksirei za angani. Haikurushwa Florida. Ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, na ikapewa jina Uhuru. Sababu ya kuja huku ilikuwa ya kifizikia. Ukirusha roketi karibu na ikweta, mzunguko wa Dunia unakusaidia kusukuma. Pia setilaiti inayozunguka juu ya ikweta inakwepa sehemu kubwa ya lile eneo la Atlantiki ya Kusini lenye chembe nyingi za mionzi, ambazo huchafua vipimo.

Miaka miwili baadaye, tarehe 15 Novemba 1972, palepale Ngomeni ikarushwa SAS-2. Hii ilikuwa ya gama. Ilifanya kazi kwa miezi michache tu kabla umeme wake haujaharibika Juni 1973, lakini katika muda huo mfupi iliona kitu cha ajabu katika kundinyota la Mapacha, si mbali na Nebula ya Kaa (mabaki ya nyota iliyolipuka). Palikuwa na doa la gama linalong'aa vikali, na mahali hapo hapakuwa na kitu chochote kinachojulikana. Baadaye likaitwa Geminga.

Setilaiti ya Ulaya, COS-B, iliyorushwa 1975, ikathibitisha kwamba doa lipo kweli. Watu wa redio wakasikiliza, wakatoka mikono mitupu. Jambo hilo lilichanganya vichwa, kwa sababu vyanzo viwili vikubwa vya gama vilivyokuwa jirani kwa sifa, Kaa na Vela, vilikuwa pulsa: nyota za nyutroni (viini vilivyobanana vya nyota kubwa zilizolipuka) zinazojizungusha kwa kasi na kutoa mapigo ya redio. Kama Geminga nayo ni pulsa, mbona kimya?

Mlango ulifunguliwa na eksirei. Kituo cha angani cha Einstein kilipiga picha ya eneo lile mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1983 Giovanni Bignami, Patrizia Caraveo na mwenzao walitangaza chanzo kimoja cha eksirei kilichofaa kuwa ndicho. Hapo eneo la kutafuta likapungua kutoka lile la nyuzi hadi nukta. Darubini za nuru zikaelekezwa kwenye nukta hiyo, na mwishoni mwa muongo huo ikapatikana nyota hafifu ya kutisha, ya ukubwa wa 25 na ushee kwa kipimo cha wanaastronomia (namba ikiwa kubwa, nyota ni hafifu zaidi). Yaani gama nyingi ajabu, eksirei chache kuliko gama kwa takriban mara elfu, na nuru chache zaidi tena. Uwiano wa namna hiyo peke yake uliwaambia kwamba hii si nyota ya kawaida wala galaksi. Karibu kila kitu kilielekeza kwenye nyota ya nyutroni.

Uthibitisho ukaja 1992. Setilaiti ya Ujerumani, ROSAT, ilipima eksirei za Geminga, na Jules Halpern na Stephen Holt wakakuta zinapiga kila baada ya sekunde 0.237. Geminga ni pulsa inayojizungusha zaidi ya mara 4 kwa sekunde. Mara tu kipindi hicho kilipojulikana, waliokuwa na chombo cha gama cha EGRET kwenye setilaiti ya Compton wakapanga fotoni zao kwa kipindi hicho, na mapigo yakaonekana wazi. Kisha watu wakafungua kumbukumbu za zamani za COS-B na za SAS-2. Mapigo yalikuwemo humo pia.

Naomba mtulie hapa kidogo. Kile chombo kilichoondoka Ngomeni 1972 kilikuwa kimeleta jibu, na jibu likakaa kwenye kumbukumbu karibu miaka 20 bila mtu kuweza kulisoma. Fotoni za gama zilikuwa chache mno. Kati ya fotoni moja na nyingine nyota ilikuwa imejizungusha maelfu ya mara, na bila kujua kipindi huwezi kuziunganisha. Kipindi kililetwa na eksirei. Jibu la yule mjumbe wa gharama mara tano ndilo hilo.

Naendelea sehemu ya pili baada ya muda mfupi.

Kilimia

Sehemu ya pili: milipuko ya gama.

Hii iligunduliwa bila kutafutwa. Setilaiti za kijeshi za Marekani zilizoitwa Vela (si ile pulsa ya Vela), zilizowekwa kuchunga kama kuna nchi inalipua mabomu ya nyuklia kwa siri, zilinasa mwako wa gama Julai 1967 ambao haukufanana na bomu. Zikanasa na mingine. Ray Klebesadel na wenzake walipotangaza hadharani 1973, wataalamu wakaanza kubishana: inatoka wapi?

Ubishi ulidumu karibu miaka 25. Compton ilirekodi milipuko zaidi ya 2,700 na ikaonyesha kwamba inatoka pande zote za anga sawasawa. Hata hivyo umbali haukujulikana. Mwako wa gama wa sekunde chache hauna alama ndani yake ya kukuambia umetoka mbali kiasi gani. Aprili 1995, pale Washington, Bohdan Paczyński na Donald Lamb walijadiliana mbele ya wenzao: Paczyński akisema inatoka mbali kabisa ulimwenguni, Lamb akisema inatoka pembezoni mwa galaksi yetu. Tofauti ya nguvu kati ya mawazo hayo mawili ni kubwa kupita kiasi, na gama peke yake haikuweza kuamua.

Kilichoamua ni BeppoSAX, setilaiti ya Italia na Uholanzi iliyorushwa Aprili 1996. Ilikuwa na kipima-milipuko cha gama pamoja na kamera pana za eksirei, na pia darubini nyembamba za eksirei za kuangalia kwa undani. Ilizunguka karibu kabisa na ikweta, na kituo chake cha kupokea data kilikuwa Malindi. Kila ilipozunguka, takriban dakika 96, ilipita juu ya pwani ya Kenya, ikamwaga ilichokusanya kwenye antena ya Malindi, na data zikatumwa Roma.

Tarehe 28 Februari 1997, saa 11:58 alfajiri kwa saa zetu za Afrika Mashariki, mlipuko ukatokea. Kipima-gama kiliuona, na kwa bahati njema kamera ya eksirei ilikuwa inatazama upande huo. Baada ya takriban saa 8 walikuwa wameigeuza setilaiti na kuelekeza darubini nyembamba. Wakakuta chanzo kipya cha eksirei. Walipoangalia tena Machi 3, kilikuwa kimefifia kwa takriban mara 20. Wakati huohuo kikundi cha Jan van Paradijs kilikuwa kimepiga picha eneo hilo kwa darubini ya William Herschel iliyoko La Palma, kisiwa cha Hispania, chini ya siku moja baada ya mlipuko. Walipolinganisha na picha ya Machi 8, doa moja la nuru lilikuwa limetoweka.

Kwa mara ya kwanza mlipuko wa gama ulikuwa na anwani.

Mei 8 mwaka uleule ukaja mwingine, na darubini ya Keck kule Hawaii ikachambua nuru yake. Mistari ya elementi ndani ya nuru ilikuwa imesogea upande wa wekundu kwa kiasi cha 0.835. Maana yake nuru hiyo ilikuwa safarini kwa takriban miaka bilioni 7. Hoja ya Paczyński ndiyo iliyosimama. Redio nayo ikaongeza lake: Dale Frail na wenzake waliona mawimbi ya redio ya mlipuko huo yakimetameta, kisha yakatulia kadiri wiki zilivyopita. Chanzo kikiwa kidogo sana kinametameta, kikitanuka kinatulia, hivyo wakapata ukubwa wake na kujua kwamba kilitanuka karibu na kasi ya nuru.

Gama ilitoa taarifa kwamba kuna tukio. Mahali pakajulikana kwa eksirei, umbali kwa nuru, ukubwa na kasi kwa redio. Ondoa kimoja hapo, na ubishi wa Washington pengine ungeendelea miaka mingine mingi.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

Mtu_wa_Ngomeni

Mkuu Kilimia, ubarikiwe. Sisi tumekulia tukiyaona yale majukwaa baharini, wazee wanatusimulia habari za roketi, lakini hakuna aliyewahi kutueleza zilikuwa zimebeba nini. Nilikuwa najua Uhuru tu. Hii ya SAS-2 ndiyo naisikia leo. Swali langu: bado kuna kazi inayoendelea pale Malindi, au ilikwisha zamani?

Kilimia

@Mtu_wa_Ngomeni, kurusha roketi kulikoma 1988. Kituo cha ardhini, kile chenye antena, kinaendelea, nacho kinaitwa Luigi Broglio. Setilaiti ya Swift, iliyorushwa Novemba 2004 kwa ajili ya milipuko hiihii, inashusha data zake Malindi. AGILE, setilaiti ya gama ya Italia iliyorushwa 2007, nayo ilitumia Malindi.

Swift ni funzo la BeppoSAX lililogeuzwa kuwa mashine. Badala ya kusubiri saa 8 watu wageuze chombo kutoka chini, Swift hujigeuza yenyewe. Ikiona mlipuko, ndani ya dakika moja au mbili darubini zake za eksirei na za urujuanimno pamoja na nuru ya kawaida zimeshaelekea palepale. Taarifa ya haraka ya mahali hupitia setilaiti nyingine za mawasiliano, ila ule mzigo kamili wa data hushushwa inapopita juu ya Malindi. Ningependa sana vijana wa Kilifi walijue hili wakiwa bado shuleni.

Nyundo77

Mada nzuri, lakini naomba nikupinge kidogo mleta mada. Umesema gama peke yake haitoshi. Mbona Fermi imegundua pulsa nyingi tu ambazo redio haizioni kabisa? Miezi michache tu baada ya kurushwa ilitangaza ile ya CTA 1 (mabaki ya nyota iliyolipuka), kwa gama tupu. Na kuna nyingine zilipatikana kwa kompyuta za watu wa kujitolea majumbani. Kwa hiyo kama chombo ni kikubwa vya kutosha, huhitaji mwingine.

Kilimia

@Nyundo77, pingamizi lako ni la haki na nimefurahi umelileta. Ni kweli, Fermi inakusanya fotoni nyingi kuliko SAS-2 kiasi kwamba kipindi kinaweza kupatikana ndani ya gama yenyewe. Mapigo ya CTA 1 yalipatikana hivyo 2008, kila baada ya sekunde 0.316. Nakubali bila kusita.

Angalia hata hivyo jinsi ilivyofanyika. Ili upange fotoni za miezi kadhaa kwa kipindi cha sehemu ya sekunde, lazima usahihishe mwendo wa Dunia na setilaiti kuzunguka Jua, na usahihisho huo unadai ujue mahali pa nyota kwa usahihi mkubwa sana. Kwa CTA 1 walitumia mahali palipopimwa na darubini ya eksirei ya Chandra. Zile za kompyuta za kujitolea zililazimika kujaribu mahali pengi na vipindi vingi kwa pamoja, ndiyo maana zilihitaji maelfu ya kompyuta. Inawezekana, lakini ni kazi nzito mno.

Halafu kuna upande wa pili ambao nafikiri ni mzuri zaidi. Watu wa redio walichukua orodha ya vyanzo vya Fermi visivyojulikana, wakaelekeza antena huko, wakapata makumi ya pulsa zinazozunguka mamia ya mara kwa sekunde, ambazo walikuwa wamezikosa miaka yote. Gama iliwaonyesha pa kusikiliza. Msaada unakwenda pande zote mbili.

Mwl_Fizikia

Nafundisha fizikia kidato cha tano na sita. Wanafunzi watauliza: sawa, eksirei inasaidia kujua mahali. Tukishapajua, kuna haja gani ya kuendelea kupima yote kwa wakati mmoja? Si kila mmoja apime kwa ratiba yake?

Kilimia

Mwalimu, shikamoo. Hapa ndipo penye fizikia tamu kuliko kote.

Chukua galaksi iitwayo PKS 2155-304. Katikati yake kuna shimo jeusi kubwa linalorusha mkondo wa chembe karibu moja kwa moja upande wetu. Tunaamini elektroni zilezile ndani ya mkondo hufanya kazi mbili. Zikizunguka kwenye ugasumaku hutoa mawimbi kuanzia redio mpaka eksirei. Zikigongana na fotoni hafifu huzipandisha nguvu mpaka gama. Ukipima zote mbili, uwiano wake unakupa nguvu ya ugasumaku mle ndani. Ukipima gama peke yake hujui kama zilikuwa elektroni nyingi kwenye ugasumaku dhaifu, au chache kwenye mazingira tofauti, au hata protoni.

Sasa, Julai 2006 darubini za H.E.S.S. zilizoko Namibia ziliona galaksi hiyo ikiwaka ghafla, na gama zake zikibadilika kwa takriban dakika 3 tu. Mng'ao kutoka kwenye galaksi, kubadilika ndani ya dakika 3! Kama eksirei zako zimepimwa kesho yake, unalinganisha vitu viwili tofauti, na ugasumaku utakaokokotoa hauna maana. Kwa hiyo usiku wa tarehe 29 kuamkia 30 Julai walikaa wote kwa saa zilezile: H.E.S.S. kwa gama, Chandra kwa eksirei, na kwa nuru ya kawaida kituo kidogo cha Bronberg kule Pretoria. Gama na eksirei zilipanda na kushuka pamoja, jambo linaloashiria elektroni zilezile. Lakini gama zilibadilika kwa kiwango kikubwa zaidi sana kuliko eksirei, na nuru ya kawaida ilitikisika kidogo tu. Mfano rahisi wa vitabuni, wenye donge moja la elektroni, ulipata shida kueleza hayo. Wapeni wanafunzi hilo swali, wafikirie. Hata watafiti bado wanalifikiria.

Dada_Rehema_K

Nimesoma uzi wote, ahsante sana. Nina swali la sisi tusio na setilaiti. Nina kamera na lenzi ndefu ya kupigia ndege mbugani, na tripodi nzuri yenye mota. Kuna chochote ambacho mtu kama mimi anaweza kuchangia, au hii ni kazi ya vyuo vikubwa tu?

Kilimia

Dada Rehema, kipo, na si maneno ya kukufariji.

Tarehe 23 Januari 1999, setilaiti ya Compton iliona mlipuko na kutuma taarifa kwa mtandao papo hapo. Kule Los Alamos palikuwa na mtambo uitwao ROTSE, uliotengenezwa kwa lenzi 4 za kawaida za kamera, milimita 200 kila moja, juu ya kiegemeo kinachojigeuza. Sekunde 22 baada ya mlipuko kuanza ulikuwa tayari unapiga picha. Mwako wa nuru ulifika ukubwa wa 9, ambao mtu mwenye darubini nzuri ya mikono miwili angeweza kuuona, na ulitoka umbali mkubwa hata kuliko ule wa Mei 1997. Hakuna darubini kubwa ya kioo cha mita nyingi ingewahi kugeuka kwa wakati. Na hicho kituo cha Bronberg nilichomtajia Mwalimu kilikuwa cha mtazamaji wa kujitegemea.

Taarifa za milipuko kutoka Swift na Fermi ni za bure, mtu yeyote anajiandikisha kupitia mfumo wa NASA unaoitwa GCN. Tuliko sisi kuna faida mbili: karibu na ikweta tunaona anga la kaskazini na la kusini, na usiku wetu unaanza mapema kuliko La Palma na Namibia. Mlipuko ukitokea saa 1 jioni kwa saa zetu, La Palma bado jua linawaka.

Anza hivi. Hakikisha saa ya kamera yako imesawazishwa na saa ya intaneti kwa usahihi wa sekunde, maana picha isiyo na muda sahihi haina kazi. Piga RAW, usipige JPEG. Piga eneo moja unalolifahamu usiku kadhaa mfululizo ili ujue lenzi yako inafika ukubwa wa ngapi kwa sekunde 30. Niambie lenzi ni ya milimita ngapi na kiegemeo chako kinakubali kuongozwa na kompyuta au la, nikuandikie jinsi ya kuunganisha na taarifa za GCN.

Dada_Rehema_K

Ni 400mm, f/5.6. Kiegemeo kinakubali kompyuta. Nasubiri maelekezo mkuu.